Kumsaidia Mtoto Anayekojoa Kitandani: Kazi ya Usiku Huanza Asubuhi

Mtoto wa miaka 3 au 4 anayekojoa kitandani hana ugonjwa wala tabia mbaya, na mzazi wake hana la kufanya zaidi ya kulikinga godoro na kungoja. Madaktari huanza kulitazama jambo hili kwa makini mtoto akishatimiza miaka 5, na hata hapo, katika kila watoto 100 wa umri huo, takriban 15 bado hulowesha kitanda. Wakifikia miaka 10 hubaki kama 5 katika 100. Wavulana ni wengi kuliko wasichana, na kila mwaka unaopita, karibu mmoja kati ya saba huacha mwenyewe bila ya dawa yoyote. Nazitanguliza hesabu hizi kwa sababu hapa Lamu mama hudhani kwamba ni mwanawe peke yake, ilhali nyumba ya tatu kutoka kwake kuna mama mwingine anayeanika shuka kwa siri vivyo hivyo.

Mambo matatu hukutana katika mwili wa mtoto huyu. La kwanza ni mkojo mwingi wa usiku: giza likiingia, ubongo huongeza homoni iitwayo vasopresini inayozifanya figo zipunguze mkojo, na kwa baadhi ya watoto homoni hiyo huchelewa kufika kiwango chake. La pili ni kibofu ambacho bado hakijazoea kuhifadhi mkojo wa kutosha. La tatu ni usingizi: kibofu hujaa na kutoa ishara, lakini ubongo hauisikii. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotokana na uvivu, na yote matatu huweza kurithiwa. Ikiwa mzazi mmoja alikuwa hivyo utotoni, zaidi ya watoto 4 katika 10 huwa hivyo, na ikiwa ni wazazi wote wawili, hufikia karibu watatu katika wanne. Kwa hiyo swali la kwanza haliendi kwa mtoto, bali kwa bibi zake wa pande zote mbili. Mimi nilihangaika na mwanangu kwa muda mrefu kabla ya kumuuliza mavyaa, yaani mama wa mume wangu, naye akanijibu kwa utulivu kabisa, "Mwanangu, kamuulize mumeo alianza lini kulala pakavu." Mume wangu alikuwa na miaka tisa.

Kabla ya hatua zozote: yale yanayoachwa

Kiboko kinaachwa, na kelele za alfajiri zinaachwa. Kadhalika jina la "kikojozi" lisitamkwe ndani ya nyumba, wala na ndugu zake wala na watumishi, kwani kila mtoto wa pwani anajua jinsi jina hilo linavyoimbwa, na likishamnata mtoto mtaani halibanduki kwa urahisi. Katika Hadithi mashuhuri Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba kalamu imeondolewa kwa watu watatu, yaani hawaandikiwi dhambi: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Mtoto anayekojoa usingizini amekusanya nyudhuru mbili kwa pamoja, na sijui kwa hoja gani tungemwadhibu.

Siku niliyoacha kumkaripia mwanangu ni ile niliyokuta leso mbichi imekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, na kusukumwa nyuma ya birika la maji chooni. Alikuwa na miaka sita, naye alikuwa ameamka kabla ya adhana, akabadilisha nguo gizani peke yake na kuificha ile leso kwa mikono yake midogo, kwa sababu ya kuniogopa mimi. Tangu siku hiyo nilianza kutafuta njia nyingine, na ninayoyaeleza hapa ndiyo niliyoyafuata.

Hatua ya kwanza: daftari la wiki mbili

Nunua daftari dogo na uandike kwa siku 14 mfululizo bila ya kubadilisha chochote. Andika mtoto alikunywa nini na saa ngapi, alikwenda haja ndogo mara ngapi mchana (mara nne hadi saba ni kawaida), alikwenda haja kubwa lini na ikiwa ilikuwa ngumu, na usiku alilowesha mara ngapi. Ukiweza, angalia pia ukubwa wa doa na wakati wake. Doa moja kubwa katika saa za mwanzo za usingizi huashiria mkojo mwingi, nayo madoa madogo ya mara kwa mara huashiria kibofu kisichotulia.

Katika siku mbili za mapumziko ya shule, mwambie mtoto akojoe ndani ya chombo chenye alama za mililita na uandike kipimo kikubwa kuliko vyote, ukikiacha kile cha asubuhi. Kipimo cha kawaida cha kibofu hupatikana kwa kuchukua miaka ya mtoto, kuongeza mmoja, kisha kuzidisha kwa 30. Mtoto wa miaka 6 basi anatarajiwa kuhifadhi kama mililita 210, yaani thuluthi mbili ya chupa ya soda ya mililita 300 na kidogo zaidi. Akiwa chini sana ya hapo, utajua kwamba kibofu chake kinahitaji mazoezi ya kujazwa na kumwagwa vizuri mchana.

Dalili za kumpeleka hospitali kwanza

Zipo hali ambazo hazingoji daftari. Mtoto anayekunywa maji kupita kiasi, anayekojoa sana na huku anakonda, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo apimwe sukari, kwa kuwa kisukari cha watoto huenda kwa kasi. Anayelia kwa maumivu anapokojoa au mwenye homa apimwe mkojo. Mkojo wenye damu, hasa kwa mtoto aliyewahi kuoga katika mito au madimbwi ya maji baridi huko bara, unaweza kuwa ni kichocho. Mtoto mwenye selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) hukojoa sana kwa sababu figo zake haziwezi kupunguza maji ya mkojo ipasavyo, na ugonjwa huo si mgeni kwetu pwani. Wazazi wake wasimlaumu, bali wamweleze daktari anayemtibu. Anayekoroma kila usiku na kulala mdomo wazi achunguzwe koo na pua, na anayewashwa sehemu za nyuma usiku atazamwe minyoo. Anayelowa mchana pia, au ambaye miguu yake ni dhaifu, naye aonwe na daktari. Ikiwa daftari tayari unalo, enda nalo, kwani litamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbukia.

Mtoto aliyekuwa amelala pakavu kwa miezi sita au zaidi kisha akarudia ghafla ana habari yake mwenyewe. Yaweza kuwa ni ugonjwa, kuzaliwa kwa mdogo wake, kuhama nyumba, msiba au ugomvi wa wazazi. Yaweza pia kuwa kuna mtu anayemtisha au anayemgusa vibaya. Kaa naye peke yenu, umuulize kwa upole na usimharakishe, na akisema neno, mwamini. Hapa Kenya namba 116 ni ya bure kwa ajili ya kuripoti mambo ya watoto, nayo hujibu usiku na mchana.

Hatua ya pili: kuyapanga maji kwa adhana

Hii ndiyo hatua niliyoiona kuwa na faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Nilipoyasoma maandishi ya wiki mbili niliona jambo ambalo sikulitarajia: mwanangu alikuwa hanywi chochote mchana. Alikwenda shule na kikombe kimoja cha chai, akakaa mpaka mchana bila ya maji kwa sababu hakupenda choo cha shule, akarudi kula kwa haraka, akaenda chuoni kusoma Kurani, na alipotoka huko alikuwa na kiu ya siku nzima. Baina ya magharibi na kulala alikunywa maji, chai, maji ya ukwaju, na maji tena. Ni kawaida ya watoto wengi hapa kwetu, na joto letu huizidisha. Sasa mzazi akiambiwa tu "mnyime maji usiku", anamtesa mtoto mwenye kiu ya kweli, na kitanda kinalowa vilevile.

Dawa yake ni kuyasogeza maji nyuma, yaende asubuhi na mchana. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 huhitaji kama lita moja hadi lita moja na mililita 400 kwa siku, na kwa joto la kaskazi nisingeshuka chini ya kipimo cha juu. Kwa bilauri ya mililita 200 hizo ni bilauri saba. Mimi niliigawa siku kwa adhana, kwa kuwa jua letu huzama karibu na wakati ule ule mwaka mzima, na mtoto huisikia adhana popote alipo bila ya kutazama saa. Bilauri tatu huingia kabla ya adhuhuri: moja anapoamka, moja na chai ya asubuhi, moja shuleni. Tatu nyingine huingia baina ya adhuhuri na kutoka chuoni. Moja iliyobaki hunywewa pamoja na chakula cha usiku, ambacho nilikirudisha nyuma kikawa mara baada ya magharibi badala ya baada ya isha, ili mtoto anayelala saa 3 awe na saa mbili za kumwaga alichokunywa. Baada ya isha ni kusukutua mdomo tu, na akiwa na kiu kweli, apewe funda mbili bila ya maneno.

Mpe chupa ya nusu lita aende nayo shule na uombe kwa mwalimu, kwa heshima na faraghani, aruhusiwe kutoka anapohitaji. Baadhi ya walimu hukubali mara moja. Mwingine utamrudia mara mbili au tatu, lakini usichoke.

Chai, kahawa na soda za rangi nyeusi zina kafeini inayochochea mkojo, na hazifai kwa mtoto huyu baada ya alasiri, hata kile kikombe kidogo cha kahawa anachopewa na babu yake barazani kwa mapenzi. Badala yake tangawizi au mchaichai bila ya majani ya chai yatamtosha, naye atanywa mapema. Kumbuka kwamba uji, supu, dafu na tikiti vyote ni maji. Tena tazama chumvi: mtoto akila ng'onda au papa, samaki wa chumvi, usiku, kiu itamwamsha aende ulipo mtungi na bidii yako yote itakuwa imepotea.

Ikiwa wazee wa nyumba wamemfanyia mtoto kombe (maji yaliyooshea maandishi ya Kurani), sina sababu ya kuwavunja moyo, lakini waombe anywe asubuhi badala ya wakati wa kulala.

Hatua ya tatu: choo cha mchana, kidogo na kikubwa

Mtoto aende haja ndogo kila baada ya saa mbili au tatu hata kama hajabanwa: anapoamka, anapofika shule, kwenye mapumziko, kabla ya chuo na kabla ya chakula. Akae au achutame kwa utulivu, miguu ikanyage imara, na amalize mpaka tone la mwisho. Watoto wengi huacha nusu kibofuni kwa haraka ya kurudi mchezoni. Usiku aende mara mbili: mara ya kwanza anapoanza kujitayarisha kulala, na mara ya pili baada ya hadithi au sura anazozisoma, kabla ya kuweka kichwa mtoni.

Choo kikubwa kina uzito ambao wazazi hawaudhanii. Utumbo uliojaa kinyesi kigumu hukikandamiza kibofu, nacho hukosa nafasi. Mtoto anayekwenda chini ya mara tatu kwa wiki, au anayelia anapokwenda, atibiwe kufunga choo kabla ya mengine yote. Wapo wanaoacha kulowesha kitanda kwa hilo tu. Mbaazi, kunde, mchicha, papai, embe na tende ni vyakula vyetu vya kila siku na vinasaidia, pamoja na yale maji ya asubuhi. Choo kikiendelea kuwa kigumu, mwone daktari akupe dawa ya kulainisha.

Hatua ya nne: kitanda, na njia ya kufika chooni

Simama usiku pale anapolala mtoto, uzime taa, kisha uende chooni kwa urefu wake. Katika nyumba zetu za mawe, zenye ngazi za juu, korido nyembamba na choo kilicho mwisho wa nyumba, mtoto wa miaka mitano hathubutu kwenda peke yake, na akiambiwa na wakubwa habari za majini hatathubutu kabisa. Weka taa ndogo inayowaka usiku kucha, au tochi chini ya mto kwa ajili ya siku za kukatika umeme. Ikiwa safari ni ndefu, weka ndoo ndogo yenye mfuniko karibu na kitanda. Asilale kwenye samadari ya juu. Kitanda kifupi kitamwezesha kushuka bila msaada. Chandarua kibaki, ila mfundishe mchana upande mmoja wa kukifunulia.

Godoro la sufi likinywa mkojo halikauki hata kwa siku tatu za jua. Livike kitambaa kizito cha nailoni, kile cha kutandikia meza kinachouzwa kwa mita, ukifunge kwa kamba chini ya godoro ili kisifunuke kikamfunika mtoto uso. Juu yake tandika leso kuukuu mbili zilizokunjwa, kisha nailoni nyingine iliyofungwa vilevile, kisha leso mbili tena. Usiku akilowa, unaondoa tabaka la juu tu, na chini yake pana pakavu. Hakuna kutandika upya saa 8 za usiku, na mama asiyechoka hakaripii.

Hatua ya tano: asubuhi

Mtoto aoge kwa maji na sabuni kila anapolowa, apakwe mafuta ya nazi mapajani, kisha ndipo avae sare. Harufu ndiyo inayomfichua shuleni, wala si mkojo wenyewe. Anaweza kubeba leso zake mpaka kwenye ndoo na kukusaidia kutandika, mradi iwe ni kazi ya kawaida ya nyumba na isiwe adhabu. Nguo ziloweshwe kwanza katika maji baridi, kisha sabuni. Usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo mbichi, kwani vikichanganyika hutoa mvuke unaodhuru mapafu. Anika juu ya paa, si mbele ya baraza ambapo kila apitaye atauliza. Msala na mikeka ya kuswalia iwekwe chumba kingine, ili suala la twahara lisigeuke kuwa ugomvi wa kila alfajiri.

Zawadi zinafaa, lakini zitolewe kwa yale anayoyaweza: amemaliza chupa yake shuleni, amekwenda chooni mara mbili kabla ya kulala. Ukimwahidi baiskeli akilala pakavu, umemwahidi kitu kisichokuwa mikononi mwake.

Kumwamsha, king'ora na dawa

Kumwamsha mtoto unapokwenda kulala wewe huokoa shuka za usiku huo, lakini hakumfundishi chochote, hasa akibebwa huku amelala. Ukiamua kufanya hivyo, aamke kabisa na atembee kwa miguu yake.

Baada ya miezi mitatu hivi ya hatua hizi, ikiwa mtoto ana miaka 6 au 7 na mwenyewe anataka, king'ora cha kitandani ndicho chenye matokeo ya kudumu zaidi. Ni kifaa kidogo kinacholia kinapogusa unyevu. Wiki za mwanzo mtoto hatasikia. Mzazi ndiye atakayeamka na kumwamsha, kwa hiyo msikianze wakati wa mtihani au wa mtoto mchanga ndani ya nyumba. Hutumika kila usiku kwa miezi miwili hadi mitatu, mpaka zipatikane siku 14 mfululizo za ukavu, na takriban watoto wawili katika watatu hufaulu.

Dawa iitwayo desmopresini, inayofanya kazi kama ile homoni ya usiku, hutolewa na daktari peke yake. Mtoto anayeimeza asinywe maji tangu muda wa saa moja kabla ya dawa mpaka zipite saa nane baada ya kuimeza, kwa sababu maji yakizidi mwilini huishusha chumvi ya damu na kuleta degedege. Usiombe vidonge kwa jirani ambaye mwanawe alipona.

Ramadhani, na nyumba zilizojaa wageni

Ramadhani huuvuruga mpango wa maji kwa mtoto anayetaka kufunga pamoja na wenzake, kwa kuwa vinywaji vyote huhamia usiku. Mtoto wa umri huu hajawajibikiwa. Mwache afunge mpaka adhuhuri, "nusu siku" kama tunavyowaambia, anywe maji yake mchana, na kwenye futari apewe bilauri moja badala ya kuachiwa jagi la maji ya matunda. Akiamka kula daku, mpeleke chooni anapoamka na kabla ya kurudi kulala.

Wakati wa Maulidi, jamaa hujaa nyumbani na watoto hulazwa safu moja juu ya mikeka, ubavu kwa ubavu. Usimnyime mtoto furaha hiyo. Mlaze mwisho wa safu, upande wa mlango, juu ya nailoni yake iliyotandikwa leso inayofanana na za wenzake. Mwambie mtu mzima mmoja tu, khalati au shangazi anayeaminika na anayelala chumba hicho, amwamshe kabla ya wengine, na umwekee mfuko wenye nguo kavu mahali ambapo mtoto mwenyewe anapajua.